Herufi Zilizomrudisha Mwalimu Bibiana

Mwalimu Bibiana wa Mabawa alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na hakuna aliyepita darasani kwake akaisahau sauti yake. Baba yake alikuwa mkata mkonge, mama yake alilima mihogo kule Maramba, na nyumbani kwao hakuna aliyejua hata neno moja la Kizungu. Yeye alikipenda tu, kama wengine wanavyopenda taarabu.

Aliyeshindana naye kwa mapenzi hayo alikuwa rafiki yake Shahida, muuza vitambaa wa mjini. Kila Jumamosi akishafunga duka, Shahida alikuja na mfuko wa vipande vya mbao vilivyoandikwa herufi. Mchezo wao haukuwa na mambo mengi. Wanaweka mezani herufi chache, kisha kila mmoja anatafuta neno la Kiingereza lenye herufi zote hizo ndani yake, zikae popote zitakapo. Neno refu ndilo linaloshinda. Miaka nenda, miaka rudi, Shahida alirudi kwake akinung'unika.

Halafu Bibiana akapigwa na kiharusi. Alianguka uani akianika nguo. Hospitali waliokoa roho yake, lakini mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamkimbia. Alisikia yote na kuelewa yote. Akifungua mdomo, kinachotoka ni "ta, ta, ta" basi. Waliokuja kumjulia hali walimsemesha kwa kupaza sauti kana kwamba ni kiziwi, au wakamuuliza mumewe, Ernesti, "Mwalimu anaendeleaje?" na Mwalimu mwenyewe yupo pale pale anawatazama. Chakula akawa anakisukuma. Ernesti akaogopa, akadhani mkewe amechoka kuishi.

Shahida hakupaza sauti. Jumamosi moja alivuta kigoda, akamwaga vipande vyake kwenye sinia, akatenga A na T.

"Haya, Mwalimu. Nipe neno."

Bibiana akatazama muda mrefu. Mkono wa kushoto ukaanza kupekua, ukachukua herufi, ukairudisha, ukachukua nyingine. Mwishowe akasukuma mbele yake vipande vinne: SALT.

Shahida akasoma, akasoma tena, akapiga makofi. "Chumvi! Baba Loveness, njoo uone! Mkeo hajakata tamaa, anataka chumvi!"

"Daktari amekataza," alisema Ernesti, machozi yanamlengalenga.

"Basi mkamulie ndimu!"

Bibiana akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake. Usiku ule alikula ugali na samaki wa ndimu mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Tangu hapo Shahida hakungoja Jumamosi. Vidole vya Bibiana vikapata kasi, na Kiswahili kikaanza kurudi mdomoni, neno hili leo, jingine kesho. Kiingereza tu ndicho kilichogoma. Alikiona, alikipanga kwenye sinia, lakini ulimi haukukitoa.

Siku moja alimkamata Shahida akificha neno zuri na kuweka fupi badala yake. Bibiana akafagia vipande vyote chini.

"Una... nihurumia," alisema kwa shida. "Cheza!"

Shahida akaokota vipande. Kuanzia siku ile alicheza kweli, akamfunga rafiki yake mara nyingi, na kila alipofungwa Bibiana alizidi kuchangamka.

Mwaka huu chama cha wasomaji wa Chumbageni kikatangaza mashindano ya mchezo ule ule. Sharti lilikuwa moja la ziada: ukishaandika neno lako, ulitamke mbele ya watu.

"Mama Loveness, watakucheka," alisema Ernesti.

"Wa...cheke."

Ukumbini, mwamuzi alikuwa Wilfred, mhasibu mstaafu. Alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akamwinamia. "Wewe andika tu. Kutamka tutakusamehe." Bibiana akatikisa kichwa.

Alianza na maneno yenye silabi moja au mbili. Kila neno lilimtoa jasho. Mengine aliyarudia mara kadhaa kabla hayajanyooka. Mwanzoni watu walitazama chini kwa aibu ya kumwonea huruma. Baadaye wakaanza kusogeza viti mbele. Walipobaki wawili, aliyesimama upande wa pili wa meza alikuwa Shahida, kilemba chake cha hariri kimekaa sawasawa.

"Sikuachii," Shahida alimnong'oneza.

"Ole wako... uniachie."

Wilfred akabandika ubaoni herufi nne: A, G, N na T. Shahida, mtu wa vitambaa, hakuchelewa. Akaandika ELEGANT, akalitamka kwa madaha, ukumbi ukashangilia. Bibiana alikuwa bado ameinama. Alipoinuka na kuonyesha karatasi yake, mwandiko wa mkono wa kushoto ulikuwa umepinda, lakini kila herufi ilisomeka: TANGERINE. Chenza! Lilizidi la Shahida kwa herufi mbili.

Likabaki kulisema.

"Ta," alianza. "Ta... ta..."

Ernesti akafumba macho. Bibiana akavuta pumzi, akaanza kugonga meza kwa kiganja, taratibu, kama alivyokuwa akiwagongea watoto wa darasa la tatu silabi. Kofi la kwanza. "Tan." La pili. "Je." Akakwama. Akagonga tena, kwa nguvu, na neno zima likatoka likiwa limeshikana, safi, kwa ile sauti ya darasani:

"Tangerine!"

Hakukuwa na haja ya Wilfred kutangaza. Watu walikwishasimama, viti vinaanguka, mwanamke mmoja nyuma akapiga vigelegele mpaka waliokuwa nje wakaja kuchungulia dirishani. Ernesti alikuwa akilia waziwazi na hakujifuta. Shahida akazunguka meza, akamkumbatia rafiki yake huku anacheka.

"Herufi mbili tu, Mwalimu! Mbili tu!"

"Nimeku...funga," alisema Bibiana. Halikumridhisha. Akasimama wima, akalirudia bila kukwama ili ukumbi mzima usikie: "Nimekufunga, Shahida!"