Koki Iliyofunikwa Gubigubi

Enid Ollerenshaw, mpishi mstaafu wa shule moja ya Oldham, alitaka boila mpya tu, ya kupasha maji yanayoleta joto nyumbani. Fundi Dermot ndiye aliyemng'ang'aniza abadilishe na koki za rejeta zote, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto, ati za kisasa hujifunga zenyewe chumba kikipata joto. Sasa wiki haijaisha, sebule ni baridi kama friji, na mumewe Clifford ameketi na koti.

"Umeniharibia nyumba, wewe!" Enid alimfokea fundi mlangoni. "Chai hupati mpaka rejeta ishike moto!"

Dermot akaenda moja kwa moja kwenye rejeta, akainua suruali ya ndani ya Clifford, nzito, ya sufu, iliyoanikwa juu ya koki.

"Mama, koki hii inapima joto la hewa. Umeifunika gubigubi, joto limenaswa humo, inadhani ni kiangazi, ikajifunga."

Enid alishusha pumzi. Kumbe hakuna kilichoharibika! Miaka arobaini ameanika nguo hapo hapo, na koki za zamani hazikuwa na habari. Akabandika birika, na kabla halijachemka, rejeta ilikuwa ya moto.

"Clifford, kaianike suruali yako nje."

"Mvua inanyesha, mke wangu."

"Basi ivae."