Kazi ya Emong Ilivyoonekana ya Wizi

Shangazi Florence ana duka la kompyuta hapa Busia. Wanafunzi wanampenda kwa kuwa ana laini mbili za intaneti: ya Uganda ikizubaa, anahamia ya Kenya.

Jana Emong, anayesoma chuo Tororo, alileta kazi yake ya mwisho ikaguliwe kwenye ule mtandao unaokamata wanaonakili. Ukurasa ukagoma katikati. Shangazi akafungua brauza nyingine, akahamia laini ya Kenya, akaituma tena. Jibu likaja jekundu: yote imenakiliwa.

Emong akamkazia macho. "Mama, kazi yangu umemuuzia nani?"

"Mimi? Hata kuisoma sijaisoma! Wewe ndiye uniambie umeitoa wapi."

Chuo kingemfukuza, na duka lisingeona mwanafunzi tena. Hata mimi nilianza kumtazama Shangazi vingine.

Mwishowe akabonyeza palipoandikwa kazi ilikotoka. Likatokea jina la Emong mwenyewe. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa imefika ukurasa ulipogoma, na ya pili ikalinganishwa nayo.

"Umejiibia, mwanangu," Shangazi akacheka.

Emong hakucheka. Akamwandikia mwalimu wake aifute ya kwanza, kisha akasimama pale mpaka Shangazi akafuta faili zote mbele yake.

Nami nilichungulia kama kweli amezifuta.