Kikoi cha Bakari

Aibu hii ningeinyamazia, ila Koyama nzima inaijua na Kismayo wamepata nusu yake, basi hiyo nusu nyingine bora waisikie kwangu.

Dada yangu Fatuma aliniomba nikamposee mwanawe Shee, nami (niliyesomea diplomasia chuo kikuu, na sasa naandika makala ambazo hata mke wangu hazimalizi) nikaona elimu yangu hatimaye imepata kazi. Nikavaa suruali ya suti. Kisiwani Koyama mtu hushuka mashuani moja kwa moja majini, kila Mbajuni anajua, nami ni Mbajuni, lakini nilikuwa na cheo kichwani, na wimbi moja likaniloanisha hadi kiunoni.

Fatuma, niliyefuatana naye, akatangulia nyumbani kwa binti. Mimi nikaitwa na Bakari, fundi wa mashua, nyumba yake iko palepale ufukweni. Akanipa kikoi chake cha manjano chenye kiraka cha kijani nyuma, akaanika suruali yangu, akanimiminia kahawa, akaniita kwa neno la Kisomali.

"Waryaa, ami, umekuja na lipi?"

"Matembezi tu," nikasema. (Siri, tulifundishwa, ndiyo roho ya diplomasia.)

Akafurahi, akanieleza kwamba kesho anakwenda kumposea mwanawe wa kiume binti wa Mzee Athmani, Zuhura, yuleyule niliyemfuata mimi! Akainua mikono kuomba dua, nami, nikiwa ndani ya kikoi chake, ningefanyaje? Nikaitikia amina. Kwa sauti.

Kwa Mzee Athmani, Fatuma alishaingia kwa wanawake, mimi nikaketi barazani na wanaume. Mposaji hataji jina mapema, huzunguka kwanza, nami nilizunguka mpaka nikajipenda: kijana wetu, adabu yake, bidii yake. Mzee alikuwa amekwisha kukiona kile kiraka.

"Tumefahamu," akasema. "Mwambie Bakari tumekubali. Mwanawe ni mwanetu."

Nikaanza kumsahihisha kidiplomasia, yaani nikazunguka upya. Kutoka ndani Zuhura akapiga kelele, "Baba! Simtaki wa Bakari! Huyo ni mjomba wake Shee!"

Na hapo ndipo Bakari alipotokea, suruali yangu mkononi. "Imekauka, bwana wa matembezi." Akasikiliza, akaelewa, akageukia baraza. "Na dua yangu ameiitikia amina!"

Nikaanza kufungua kikoi nimrudishie, wanaume wakanizuia kwa mayowe.

"Kiache," akasema Bakari, "au nacho umekuja kukiposa?"

Mzee Athmani hakucheka. Shee alikuwa anampoteza mke kwa sababu ya ulimi wangu, na Fatuma huko ndani alikuwa analia. Ndipo bibi yake Zuhura akatoka akiniangalia juu mpaka chini, akasema kwa lafudhi yetu ya Kibajuni. "Athmani, mpe Shee. Mchu asiyeweza kuficha hata kikoi, jamaa zake watatuficha nini?"

Mzee akamtazama Bakari. Bakari akashusha pumzi. "Binti keshasema. Mimi nishike nini tena?"

Siku ya harusi ya Shee nilishuka majini na kikoi changu mwenyewe, na kila aliyeniuliza nimekuja na lipi nilimweleza yote kabla sijagusa kahawa yake. Bakari alinikumbatia. Anataka niende kisiwa cha Kudhaa nikampose msichana fulani kwa niaba ya mtu mwingine yeyote, ili mwanawe ampate.