Kitabu cha Kuanzia

Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, mama alilia mpaka sauti ikakauka. Alipotoka eda akarudi kwenye zikiri yake ya Alhamisi pale kijijini Chinongwe, upande wa Ruangwa, na baada ya wiki chache alikuwa anapalilia ufuta huku akitaniana na majirani. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea, sikuwa nimetoa hata chozi moja. Nilimwonea wivu. Nilitaka alichokipata mama, ila nikipate kisomi, si kwa kuyumbayumba mkekani na wanawake wasiojua kusoma. Ndicho kiburi nilichokuwa nacho.

Basi nikaenda kwa mstaafu mmoja, bwana shamba wa zamani, ambaye nusu ya mji iliamini ameimaliza elimu ya batini, ile ya siri za rohoni. Alikuwa na sanduku la bati limejaa vitabu vya Waislamu, vya Wakristo na vya Wahindi, vyote vikieleza namna roho inavyomfikia Mungu. Alivaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, katika joto la Novemba. Alinionya kwamba anayeingia elimu ile bila mpangilio hurukwa na akili. Kitabu cha kwanza kingeniandaa, cha pili kingenisafisha, na cha tatu, kinene chenye jalada la kijani, ndicho mlango wenyewe. Hicho cha tatu hakumpa mtu kabla ya mtihani.

Ndiyo, mtihani. Mtu mzima mimi, ninayesahihisha madaftari ya watoto kila siku, nilikaa barazani kwa bwana shamba nikajibu maswali kumi kuhusu nafsi. Nikapata sitini kwa mia, nikaambiwa nirudie.

Nilipomsimulia zikiri ya mama alitabasamu kwa huruma, akasema zile ni kelele za mashambani. Nami, kasuku wake, nilipokwenda Chinongwe nikamwambia mama maneno yaleyale. Aliuliza tu kama nakula vizuri huko mjini.

Baada ya mwaka mzima nikakabidhiwa kitabu cha kijani. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akaniambia amekisoma mara nne na kila mara kimemliza. Nilikimbilia nyumbani nikakifungua. Kuanzia ukurasa wa kumi na saba kurasa zilikuwa bado zimeungana ukingoni, kama zilivyotoka kiwandani, hazijawahi kupitiwa na kisu. Mara nne! Labda alikuwa anazisoma kwa batini.

Nilichukua wembe nikazichana moja moja kwa hasira, huku nikisoma. Mwandishi alisisitiza umuhimu wa kunyamaza, na hakunyamaza. Nilipofika ukurasa wa sabini nilikitia kitabu kwenye mkoba, nikapanda gari la Ruangwa.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Nilimkuta mama uani anatandika mikeka, wenzake hawajafika. Nikamsimulia habari za zile kurasa, nikitegemea acheke, maana mimi nilikuwa nimecheka njia nzima. Hakucheka. Alikipokea kitabu, akakipima uzito mkononi kama anayenunua muhogo, akauliza kinasemaje.

Nikamwambia kinasema mtu anyamaze.

"Kunyamaza tu ndo kimeandikiwa chote hiki?"

Nilianza kumweleza habari za kuandaliwa na kusafishwa, jinsi mtu asivyoweza kuruka ngazi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akakiweka kitabu chini, taratibu, asije akakichafua.

"Na baba yako, mwanangu, ushamlilia?"

"Nimefika ukurasa wa sabini," nikasema.

Jibu hilo bado linanitia aibu, miaka yote hii. Mama hakulichambua. Alisogea kidogo, akaupigapiga mkeka kando yake, nikakaa. Wenzake walipoanza kuingia uani, wakiwa na kanga zao za zikiri, nilikuwa nimeinamia magoti nalia kwa sauti, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimesoma nini.