Gari Lililoletwa kwa Pasi

Nyuma ya kituo cha mafuta palikuwa na gereji ya fundi bodi mmoja waliyemwita Pasi, maana bati lililobonyea likipita mikononi mwake lilitoka halina kunyanzi hata moja. Siku ya ishirini na tatu tangu amzike binti yake, gari la kuvuta liliingia kinyumenyume getini kwake na kumshushia kazi mpya. Kigari cheupe, upande wa abiria umeingia ndani mpaka kwenye kiti. Mnyororo haujafunguliwa, Pasi alikuwa ameshalijua. Ndilo lililomuua mwanawe.

Shemeji yake, mume wa dada yake, akajitokeza.

"Polisi wameliachia, shemeji. Nikasema niende kwa nani na wewe upo? Damu nzito kuliko maji."

"Damu ipi?" Pasi aliuliza. "Hiyo iliyokauka kwenye kiti?"



Aliyekuwa akiendesha ni binti wa huyu shemeji, miaka kumi na saba, leseni hana. Alitumwa mkate, akampakia binamu yake wa miaka kumi na tano, wakaona wazungukie barabara kuu. Penye kona wakaivaa nguzo ya taa. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Mwenzake alitolewa na wazima moto.

"Liache hapo," Pasi akasema. "Nitajua la kulifanya."

Hakuligusa kwa nyundo. Alilisukuma hadi nje ya geti, akaugeuza upande uliobonyea utazame barabara, palepale mpwa wake alipopita kila asubuhi akienda shule. Mteja akiuliza, alijibiwa: "Hiyo? Kazi ya dada yangu na mumewe."

Siku ya nne dada mtu alikuja mbio, kanga begani, viatu havifanani.

"Kaka, lifunike hata kwa turubai. Mwanangu hataki kula!"

"Wako hataki. Wangu hawezi."

"Roho gani hiyo, kaka?"

"Mliyoniachia."

Jioni alimsimulia mkewe kisa hicho jikoni, kama mtu aliyeshinda kesi. Mkewe alikuwa akiosha vyombo. Akaweka sahani chini taratibu.

"Na wa kwanza kumkalisha mpwa wako kwenye usukani ni nani?"

Pasi akavuta kiti, akaketi akimpa mgongo.

"Alikuwa na miaka kumi na tatu! Palepale gerejini, ukampandisha juu ya mto wa kochi langu. Nikakuambia mtoto hachezei gari, ukaniita mwoga mbele ya watu, mkacheka wewe na shemeji yako. Unatafuta wa kuanikwa barabarani? Kasimame na wewe pale getini, tuwaone wote."

"Funga mdomo."

"Niliufunga siku ile. Tumezika."

Kesho yake mchana mpwa alikuja mwenyewe, sare ya shule mwilini, mkono kwenye plasta. Alisimama mbele ya mjomba wake kama mtu anayesubiri kofi.

"Mjomba, aliniambia nipunguze mwendo. Aliniambia mara mbili. Nikaongeza, nilidhani atacheka."

Nyundo ilikuwa mkononi mwa Pasi. Aliikaza mpaka kiganja kikauma, kisha akaiweka juu ya pipa, mbali naye.

"Nenda kwenu."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimesema nenda. Sina cha kukupa."

Msichana alipoondoka, Pasi aliwasha gesi ya kukatia vyuma. Akaanza na paa, akaja milango, akamalizia na usukani, ambao aliukata vipande vinne. Shemeji alifika akipiga kelele kuwa hilo ni gari lake, kwamba atamshtaki.

"Nishtaki," Pasi akamwambia bila kuvua miwani. "Nami nitawaeleza polisi nani alimpa mwanao ufunguo."

Hakushtakiwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walibeba kila kitu, na kuanzia siku hiyo nyumba mbili hizo zikawa paka na panya. Mke wa Pasi alihamia chumba cha marehemu. Chakula cha mume alikiacha mezani kimefunikwa, bila neno.

Baadaye Pasi alisikia kwa jirani kwamba mkewe alikwenda kwa wifi yake, wakakaa sebuleni mchana kutwa wakilia, na yule msichana katikati yao.

Yeye hakuitwa. Na hakuuliza kwa nini.