Chembe kipana kilivyomkosesha Koko Zaliha nyama ya arubaini, Mvouni enzi za mapinduzi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, siongezi chumvi. Mnanijua kwa kujisifu, lakini leo sina la kujisifia.

Juzi mwenzetu aliuliza achukue vyembe gani vya mshale, hizi broadhead za dukani, akawinde nyumbu na pofu. Mkamjibu: "Chukua pana, jeraha kubwa, mnyama hafiki mbali."

Nimechoka kulisoma jibu hilo.

Mimi shule niliiachia darasa la tatu, Mutsamudu, kisiwani kwetu Wanzwani, huko Komoro. Nikaenda kwa mjomba Handeni, nikajifunza upinde kwa wawindaji wa kule, na kufua chuma juu yake. Leo nina karakana mbili na wenye digrii wananiita bosi. Tuendelee.

Uhuru ulinikuta nimerudi Komoro, nafua mapanga Moroni. Punde ikaja serikali ya vijana, karamu kubwa za harusi na misiba zikakatazwa.

Juu ya mji, Mvouni, kulikuwa na mjane tukimwita Koko Zaliha, yaani bibi. Arubaini ya mumewe inakaribia, na fahali wake wa pekee, aliyemweka kwa ajili ya kisomo kidogo cha nyumbani, akakata kamba akaingia msituni. Wiki tatu hashikiki. Ukimsogelea anakukimbiza.

Bunduki walikuwa nazo vijana wa serikali tu, na wao walisema hitima ni kupoteza chakula. Koko hakutaka kuwaomba.

Kwa wasiojua: mfugo ukiasi kabisa, dini inaruhusu kuupiga mshale kwa bismillahi kama mnyama wa porini. Sharti afe kwa makali ya chuma, au umkute hai umchinje.

Nikasema, niachieni mimi.

Saandi, mdogo wake Koko, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe Mnzwani, kwenu hata mbuzi anafungwa kamba mbili. Huyu utamweza?"

"Kaka, wewe kaandae sufuria."

Nilikuwa na mishale ya aina mbili. Mmoja mzito, chembe chake chembamba, kimefuliwa kwa springi ya gari, kibaya kutazama. Mingine niliikatia vyembe vya bati la pipa, vipana kama jani la mpera, vinang'aa, uti mwepesi. Hiyo ndiyo niliyoulia paa Handeni.

Nikachukua inayong'aa. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wanatazama.

Asubuhi mimi na Saandi tukamkuta fahali anakula, hatua kama kumi na tano, ametugeuzia ubavu. Bismillahi, nikaachia.

Mlio ule! Kama kijiko kimegonga sufuria.

Chembe kilipiga mfupa wa bega kikakunjika. Fahali akateremka mbio, mshale unaning'inia, akatumbukia korongoni kwenye mawe meusi. Tulipofika chini Saandi ana kisu mkononi, lakini fahali hana pumzi tena.

"Amekufa kwa mshale wako au kwa mawe?"

Nikapapasa jeraha. Mpaka leo sijui. Na shaka hiyo ikishaingia, nyama hailiwi.

Tukamfunika kwa mawe hukohuko, mchana kutwa. Saandi hakunitania tena. Bora angenitania.

Koko aliposikia, alikaa chini kwanza. Kisha akasema, "Basi tutapika ndizi."

Siku ya arubaini watu wakala ndizi mbichi za nazi. Wengine waliuliza nyama iko wapi, nami nawasikia. Nilichota maji, nikapasua kuni, hakuna aliyenituma.

Sasa somo, wakuu. Paa ana mifupa myepesi, anakusamehe. Nyumbu na pofu hawasamehe. Chukua uti mzito, chembe chembamba cha chuma kinene, makali mawili, ukinoe mpaka kinyoe nywele za mkono. Subiri mguu wa mbele utangulie, piga nyuma ya bega. Nafasi hiyo usipoipata, shusha upinde urudi nyumbani. Tangu siku ile chembe kipana sifui, hata mteja alie.

Aliyewahi kukunja chembe kwenye bega la mnyama aseme hapa, na aseme alimwambia nini mwenye mnyama.

Mimi, watu wa arubaini walipoondoka, Koko aliniletea sahani ya ndizi: "Kula, mwanangu, umechoka." Nikala zote, nikaosha sahani, nikateremka Moroni.