Mdogo Wangu na Mabishano ya Neema

Mchungaji wetu alipoanzisha darasa la historia ya kanisa, Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, tulijiandikisha watu wazima wachache. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku milimani, Upare ya Kusini, na nilikwenda kwa sababu napenda kujua. Mdogo wangu wa kiume hakujiandikisha. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na Jumamosi ninayoisimulia alikuwa barazani pa kanisa akirekebisha grili ya dirisha.

Wakati huo alikuwa mlevi. Simsingizii, kijiji kizima kilijua. Kila jioni alishuka kwa mama mmoja anayeuza dengelua, pombe yetu ya miwa, na mara nyingi ilibidi watu wamrudishe nyumbani.

Somo lilikuwa ugomvi wa kale juu ya nia ya mwanadamu. Mchungaji alieleza kwamba mtawa mmoja kutoka visiwa vya Uingereza alifika Roma, akakuta Wakristo wakiishi ovyo na kusingizia udhaifu. Akafundisha kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo ambalo mtu hana uwezo wa kulitenda, kwa hiyo mtu akiamua, anaweza. Askofu mmoja wa Afrika ya Kaskazini akampinga. Kwa askofu huyo nia yenyewe inaumwa, na mgonjwa haponi kwa kuamriwa apone. Lazima neema ianze kumshika.

Mashine ya kuchomelea ikanyamaza. Mdogo wangu akasimama mlangoni, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso.

"Samahani, Mchungaji. Huyo askofu aliwahi kuwa mlevi?"

"Pombe haikuwa shida yake. Lakini ujanani alikuwa na mazoea ya mwili yaliyomshinda. Alisimulia kwamba alitaka kuyaacha, na papo hapo hakutaka."

"Basi huyo anajua anachosema," mdogo wangu akasema, akarudi kwenye dirisha lake.

Jioni nilimsimulia mama tukichambua maharage. Hakufurahi.

"Mchungaji amempa kisingizio," alisema. "Nimewalea ninyi peke yangu kwenye mteremko huu. Ningengoja nishikwe na neema ndipo niamke kulima, mngekula nini?"

Wiki iliyofuata ilionekana mama alisema kweli. Mdogo wangu alikuwa akiketi kilabuni na kuwaambia wenzake kwamba yeye si mkosaji, nia yake inaumwa. Walicheka sana. Mimi nilipanda hadi nyumbani kwa mchungaji nikiwa na hasira, hata salamu nilizikata.

Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba watawa fulani wa Afrika hiyohiyo walimwuliza askofu swali langu: kama kila kitu ni neema, kwa nini mtu akemewe? Askofu aliwajibu kwamba kukemewa kwenyewe kunaweza kuwa njia ambayo neema hupitia.

"Kwa hiyo nimkemee?"

"Kama unampenda, ndiyo."

Nilimkuta shambani kwa mama, akipalilia tangawizi. Mama alikuwa tuta la juu. Nilimwambia mdogo wangu yote: aibu tunayoipata, mikono yake inayotetemeka mpaka wateja wamekimbia, na jinsi anavyomtumia askofu wa watu kama mwavuli. Alisubiri nimalize.

"Dada, unadhani sijaamua," alisema. "Kila asubuhi naamua. Nimeamua mara nyingi kuliko ninyi wote. Ikifika saa kumi miguu inakwenda, na mimi nipo ndani yake nikiiona inakwenda."

Mama aliinama akaendelea kupalilia, lakini nilijua amesikia.

Kesho yake, kabla ya saa kumi, mama alibeba sufuria ya makande akaenda kukaa mlangoni kwa mdogo wangu. Hakuhubiri. Walikula, wakazungumza habari za mvua na bei ya tangawizi mpaka giza likaingia. Akarudi tena siku iliyofuata, na nyingine. Mdogo wangu alipoanza kutetemeka na kutapika, mimi na mchungaji tulimteremsha hospitali Same mjini. Daktari alitugombeza kidogo, akasema mtu aliyekunywa hivyo kwa miaka hapaswi kuacha ghafla bila kuangaliwa. Alilazwa, akapewa dawa, akatoka amekonda.

Ameanguka mara moja tangu hapo, kwenye harusi ya binamu yetu. Alilala mchana kutwa kwa aibu, na saa kumi mama akawa mlangoni na sufuria kama kawaida. Sasa ana kibanda cha kuchomelea Same, karibu na barabara kuu, na mikono imetulia.

Majuzi mchungaji alikuja kwa mama, na mabishano yakaanza upya.

"Mwanangu aliamua," mama alisema. "Nilimwona akiamua."

"Na wewe mama, nani alikutuma na yale makande?"

"Nilijituma mwenyewe."

Mchungaji alicheka, akamwomba chai nyingine. Mdogo wangu, aliyekuwa amepanda kutusalimia, alimwuliza mama kama paa la jikoni bado linavuja, akatoka kwenda kutafuta ngazi.